IBN ZUHR: TABIBU ALIYEANZA NA MBUZI KABLA YA MGONJWA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wanafunzi wetu wapenzi, wazazi na walezi, tunapotaja wanavyuoni wa Kiislamu mara nyingi tunawakumbuka mafaqihi, wapokezi wa Hadithi na wasomaji wa Qur'ani. Hao ni taa zetu na hatutawaacha. Lakini walikuwapo pia wanavyuoni walioitumikia miili ya watu, wakakesha na wagonjwa, wakachanganya dawa kwa mikono yao. Katika makala haya tutamtazama mmoja wao, Abu Marwan Abdulmalik bin Zuhr wa Andalusia. Wazungu walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Avenzoar. Tumemchagua kwa sababu ya jambo moja alilolifanya ujanani mwake, ambalo faida yake inafika mpaka kwenye sikio la mtoto anayeumwa usiku huu nyumbani kwetu.

NASABA NA MALEZI YAKE

Ibn Zuhr alizaliwa katika mji wa Ishbiliya, ambao leo unaitwa Seville na uko kusini mwa Hispania. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 11, karibu na mwaka 1094. Andalusia wakati ule ilikuwa nchi ya Waislamu, na watawala wake walikuwa Murabitun, ambao makao yao makuu yalikuwa Marrakesh, ng'ambo ya bahari.

Ukoo wa Banu Zuhr ulikuwa ukoo wa elimu. Babu yake alisafiri mpaka Qayrawan na Misri, akasoma tiba huko, kisha akarejea na kukaa Daniya. Baba yake, Abul-Ala Zuhr, alikuwa tabibu mashuhuri aliyewahudumia watawala. Inasimuliwa kwamba siku moja mfanyabiashara alimletea nakala nzuri ya kitabu cha Qanun cha Ibn Sina kutoka Iraq. Abul-Ala hakupendezwa nacho. Akawa anakata pembezoni mwa kurasa zake na kuzitumia kuandikia dawa za wagonjwa! Sisi hatuwahimizi wanafunzi wetu kuvifanyia vitabu hivyo. Tumelitaja tu ili mjue kwamba nyumba aliyolelewa Ibn Zuhr haikuwa nyumba ya kukubali kila kitu kwa sababu tu kimeandikwa na mtu mkubwa.

Kama walivyokuwa watoto wa zama zile, Ibn Zuhr alianza na elimu ya dini na lugha ya Kiarabu. Kisha akasoma tiba kwa baba yake. Kabla ya kumkabidhi elimu hiyo, baba alimwapisha kiapo cha matabibu angali kijana: asimdhuru mtu kwa elimu yake. Kiapo hicho alikibeba maisha yake yote.

MBUZI NA KOO LA HEWA

Sasa tufike kwenye lile jambo lenyewe.

Katika vitabu vya tiba vya zamani kulikuwa na mjadala mkubwa. Mgonjwa akivimba koo mpaka pumzi haipiti, je, inafaa kumkata shingoni na kutoboa koo la hewa ili apumue kupitia tundu hilo? Baadhi ya watu wa kale walisema inafaa. Wengine walikataa kabisa, wakihoji kwamba koo la hewa limeundwa kwa gegedu, na gegedu likikatwa haliungi tena, kwa hiyo mgonjwa aliyeokolewa na kukosa pumzi atakufa kwa jeraha. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Qurtuba, bingwa wa upasuaji aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kwamba hakumjua mtu katika nchi yake aliyewahi kufanya operesheni hiyo. Alichokiona yeye ni kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Akamshona, na akapona.

Ibn Zuhr aliyasoma hayo akiwa bado mwanafunzi. Tufikirie njia zilizokuwa mbele yake. Angeweza kuchagua upande mmoja na kuutetea kwa maneno maisha yake yote, kama walivyofanya wengi. Angeweza pia kungoja mgonjwa wa kwanza anayekata roho, akamjaribia kisu. Mgonjwa akifa, angesema kwamba ni ajali yake imefika.

Hakufanya hivyo. Alimchukua mbuzi. Akapasua ngozi ya shingo na utando ulio chini yake, kisha akakata katika koo la hewa tundu dogo, pungufu kidogo ya punje ya turmusi, ambayo ni mbegu ya jamii ya kunde. Baada ya hapo hakumtupa. Aliendelea kuliosha jeraha lile kwa maji na asali mpaka likafunga. Mbuzi akapona kabisa, akaishi muda mrefu baada ya hapo.

Kwa mbuzi mmoja mjadala wa muda mrefu ulipata jibu: koo la hewa likikatwa kwa uangalifu huunga. Hata hivyo Ibn Zuhr hakukimbilia kukata shingo za watu. Aliyaandika aliyoyaona ili wanaokuja baada yake wajue kwamba mlango upo, nao ni wa kufunguliwa pale tu ambapo hakuna mlango mwingine. Leo hospitali zote kubwa duniani hufanya operesheni hiyo.

MTUNGI WA YULE MGONJWA

Ibn Zuhr alikuwa mtu wa kuangalia kabla ya kusema. Wanahistoria wanasimulia kwamba alipokuwa akipita kwenda kwa mtawala alimwona mara kwa mara mtu mmoja aliyevimba tumbo na kugeuka rangi ya manjano. Mtu huyo alimlalamikia, akamwomba amtazame. Ibn Zuhr alimtazama, kisha akautazama mtungi mkuukuu uliokuwa kando ya kichwa chake, ambao ndio aliokuwa akinywea maji. Akaamuru uvunjwe. Mgonjwa alisikitika kwa sababu hakuwa na mwingine. Ulipovunjwa, akatoka chura mkubwa aliyekuwa ameishi humo muda mrefu. Ibn Zuhr akamweleza kwamba ameponeshwa, na ndiye huyo aliyekuwa akimnywa kila siku.

Ni kisa cha kuchekesha, lakini kina funzo. Wengi wangemwandikia mgonjwa yule dawa juu ya dawa. Yeye alitafuta sababu.

GEREZANI, KISHA VITABU

Mwaka 1121 Ibn Zuhr aliandika kitabu chake cha Iqtisad, akakitunga kwa ajili ya mwanamfalme Ibrahim bin Yusuf bin Tashfin. Alikuwa na cheo na heshima. Lakini dunia hugeuka. Ndugu yake Ibrahim, Amiri Ali bin Yusuf, alimghadhibikia, na karibu na mwaka 1140 Ibn Zuhr alitiwa gerezani Marrakesh, mbali na mji wake na watu wake. Mtu aliyekuwa akiingia majumba ya wafalme bila kizuizi sasa alifungiwa mlango.

Ali bin Yusuf alifariki mwaka 1143. Mwaka 1147 Muwahhidun waliuteka mji wa Marrakesh, na dola ya Murabitun ikaporomoka. Mtawala mpya, Abdulmumin, alimpa Ibn Zuhr heshima kubwa, akamfanya tabibu wake na waziri. Ibn Zuhr akamwandikia kitabu cha vyakula na faida zake. Inasimuliwa pia kwamba Abdulmumin alichukia kunywa dawa za kuendesha tumbo. Ibn Zuhr akaumwagilia mzabibu maji yaliyochanganywa na dawa hiyo, kisha akampelekea mtawala zabibu zake mbichi. Akala, akapata nafuu bila ya kuonja uchungu.

Kitabu chake kikubwa kuliko vyote ni al-Taysir, yaani kitabu cha kurahisisha matibabu. Alikiandika kwa kuombwa na rafiki yake mdogo kwa umri, Ibn Rushd, faqihi na mwanafalsafa wa Qurtuba. Ibn Rushd aliandika kitabu kuhusu misingi ya tiba, na mwishoni akawaelekeza wasomaji wake kwenye Taysir kwa maelezo ya ugonjwa mmoja mmoja. Taysir ilifasiriwa kwa Kiebrania na Kilatini, na mwaka 1490 ikachapishwa Venice. Matabibu wa Ulaya waliisoma kwa karne nyingi.

Ndani yake alieleza uvimbe na maji kwenye utando unaoufunika moyo. Alieleza namna ya kumlisha kwa mrija mgonjwa asiyeweza kumeza. Alikieleza kidudu kidogo mno kinachotoka katika ngozi ya mwenye upele. Na wanahistoria wa tiba wanamhesabu miongoni mwa waliotangulia kueleza vizuri uvimbe wa sikio la kati. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo, lakini kwanza tumsindikize mwenyewe mpaka mwisho wa safari yake.

KUFARIKI KWAKE

Ibn Zuhr alifariki Ishbiliya mwaka 557 Hijria, sawa na 1162, kwa uvimbe mbaya uliomsumbua. Alijitibu kwa dawa za kubandika. Mwanawe Abu Bakr, ambaye naye alikuwa tabibu, akawa anamshauri abadilishe dawa hii kwa ile. Baba alimjibu kwa utulivu kwamba Mwenyezi Mungu akitaka kuubadilisha mwili huu, basi hamjaalii mja kutumia dawa ila ile inayokubaliana na matakwa Yake. Akazikwa nje ya mlango wa mji uitwao Bab al-Fat-h. Allah amrehemu.

Aliacha elimu ndani ya nyumba yake. Abu Bakr alikuwa tabibu na mshairi mkubwa. Binti yake na mjukuu wake wa kike walikuwa wajuzi wa tiba ya wanawake, na waliwatibu wanawake wa nyumba ya mtawala al-Mansur. Mabinti zetu wa madrasa walizingatie hilo.

SIKIO LA KATI NA WANYAMA WA LEO

Sikio la kati ni chumba kidogo kilicho nyuma ya kiwambo cha sikio. Ndani yake mna vifupa vitatu vinavyopeleka sauti ndani zaidi. Chumba hicho kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, ambao kazi yake ni kuingiza hewa na kutoa majimaji. Mrija huu kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Ndiyo maana mtoto akishikwa na mafua, vijidudu hupanda kwa urahisi, mrija huziba, usaha hujaa, na mtoto hulia usiku kucha. Wakati mwingine kiwambo hupasuka na usaha hutoka nje.

Kwa muda mrefu madaktari walikuwa na tatizo lile lile la Ibn Zuhr. Chumba kile kimefichika. Usaha unapoonekana, ugonjwa umekwisha kuanza siku nyingi. Ili kujua unavyoanza, ingebidi kumtilia mtoto mzima vijidudu sikioni na kungoja, na hilo hakuna mwenye imani atakayelifanya. Basi nao wakarudi kwa wanyama.

Walijaribu panya wa aina mbalimbali, na hatimaye wengi wakamchagua chinchila, mnyama mdogo wa manyoya laini kutoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Chumba chake cha sikio la kati ni kikubwa kwa umbo lake, ukuta wake wa mfupa ni mwembamba, na usikivu wake unakaribia wa binadamu. Tena ni nadra kuugua sikio mwenyewe. Kwa hiyo akiugua baada ya kupewa kijidudu fulani, mtafiti anajua sababu ni ipi.

Mwaka 1976 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walionyesha kwamba bakteria aitwaye nimokokasi, yule yule anayeleta nimonia, akitiwa katika sikio la kati la chinchila huleta ugonjwa unaofanana na wa watoto. Mwaka 1980 wakaendelea na swali jingine. Safari hii vijidudu vilitiwa puani. Waliopewa virusi vya mafua makali peke yake waliugua sikio kwa nadra. Waliopewa bakteria peke yake, karibu mmoja katika watano aliugua. Lakini waliopewa vyote viwili, karibu theluthi mbili waliugua. Ikafahamika waziwazi kwamba mafua huandaa njia, na bakteria aliyekuwa amekaa kimya puani hupita.

Chinchila walitumika pia katika kujaribia chanjo dhidi ya nimokokasi. Kisha, kama inavyotakiwa, yakafuata majaribio kwa watu, kwa sababu chinchila si mtoto, na kilichofaa kwa mnyama huenda kisifae kwa binadamu. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha chanjo ya aina hiyo kwa watoto wachanga, na mwaka 2011 Kenya ikaanza kuwapa watoto wake. Chanjo hii haizuii kila ugonjwa wa sikio, lakini inapunguza ule unaoletwa na bakteria huyo, pamoja na nimonia na homa ya uti wa mgongo.

JE, TUNA HAKI YA KUWATUMIA WANYAMA?

Mwanafunzi mwenye moyo laini atauliza: na chinchila wamekosa nini? Swali hili ni zuri, na hatutaki lipuuzwe.

Dini yetu imetuhalalishia kunufaika na wanyama kwa haja ya kweli, na imetuharamishia kuwatesa. Hata anayechinja ametakiwa anoe kisu chake na asimtaabishe mnyama wake. Mtu asiyemhurumia kiumbe asiyeweza kusema hawezi kuaminiwa na mgonjwa. Ibn Zuhr alimkata mbuzi kwa haja, akakata kiasi kidogo kilichotosha, kisha akamhudumia mpaka akapona. Huo ndio mwenendo wa muungwana.

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliweka kanuni tatu ambazo leo watafiti wengi wanazifuata: kama kuna njia isiyohitaji mnyama, itumiwe hiyo, kama hakuna, watumike wachache iwezekanavyo, na hao wachache wapunguziwe maumivu. Katika nchi nyingi mtafiti hawezi kuanza mpaka kamati ikubali kwamba haja ipo. Majaribio ya mchezo, au ya kurudia yaliyokwisha kujulikana, hayana udhuru.

MAZINGATIO

Kwanza, wanafunzi wetu, msitosheke na kusikia. Ibn Zuhr aliwaheshimu waliomtangulia, lakini waliposhindana alitafuta hakika. Ukiambiwa jambo, uliza limejulikana vipi. Hiyo si kukosa adabu, ila ni kuitunza elimu.

Pili, elimu ni amana juu ya miili ya watu. Anayetoa dawa asiyoijua anacheza na roho isiyo yake. Ni hatari hiyo hiyo kwa muuza dawa wa mitaani na kwa jirani mwenye nia njema. Wapo wanaomtilia mtoto sikioni mafuta ya moto au maji ya kitunguu kwa sababu fulani alifanya na akapona. Tunawaomba wazazi waache. Kiwambo kikiwa kimetoboka, chochote unachotia kinaingia ndani kabisa. Mtoto mwenye homa anayeshikashika sikio, au anayetoka usaha, apelekwe hospitali, na akipewa dawa aimalize hata kama ameonekana kupona. Usaha uliotoka kwa wiki mbili au zaidi ni ugonjwa sugu, na usiposhughulikiwa unaweza kumpunguzia mtoto usikivu.

Tatu, ombi letu kwa walimu wenzetu. Mtoto anayechanganya sini na shini, anayechelewa kuitika, anayeomba kila mara arudiwe, huenda si mtoro wa akili wala mkaidi. Huenda nyuma ya kiwambo cha sikio lake mna maji, na sauti yetu inamfikia kama inatoka chumba cha pili. Kabla ya kushika fimbo, tumwulize mzazi habari za masikio yake. Ibn Zuhr aliuangalia mtungi kabla ya kumlaumu mgonjwa. Nasi tuliangalie sikio kabla ya kumlaumu mtoto, kwani kwa sikio hilo ndiyo anaipokea Qur'ani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu masikio yao na macho yao, na atoe katika madrasa yetu matabibu, wa kiume na wa kike, wenye elimu na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.